Rekodi za Eugene hazikutoka kwenye zege

Julai 5, 2025, katika alasiri moja, Wakenya wawili waliandika upya vitabu vya riadha. Beatrice Chebet alikuwa mwanamke wa kwanza kukimbia mita 5,000 chini ya dakika 14, akimaliza kwa 13:58.06. Baadaye Faith Kipyegon alishusha rekodi yake mwenyewe ya mita 1,500 kutoka 3:49.04 hadi 3:48.68. Yote mawili yalitokea Hayward Field, uwanja wa Chuo Kikuu cha Oregon katika mji wa Eugene, Marekani. Mwaka mmoja kabla, Mei 25, 2024, Chebet alikuwa amekimbia mita 10,000 kwa 28:54.14 papo hapo, akiwa mwanamke wa kwanza kushuka chini ya dakika 29, na siku ile mbio zenyewe zilikuwa mchujo rasmi wa Kenya kwa ajili ya Olimpiki ya Paris. Tangu hapo maelezo mawili yamezoeleka kwenye meza zetu za michezo. La kwanza linasema siri ni uwanja mpya wa kifahari, kwa hiyo nasi tujenge wa namna hiyo. La pili linasema ni fedheha kwa taifa la wakimbiaji kwenda kuchagua timu yake katika uwanja wa chuo cha watu. Yote mawili yanakosea mahali pamoja: yanatazama jengo. Majukwaa yanayoonekana kwenye televisheni yalifunguliwa mwaka 2020. Kinachowasukuma wakimbiaji pale ni desturi ya zaidi ya miaka mia moja, na sehemu kubwa ya desturi hiyo ililelewa katika uwanja mdogo wa mbao ambao wenyewe waliubomoa.

Uwanja ulifunguliwa mwaka 1919 kwa ajili ya futiboli ya Kimarekani, na ukapewa jina la Bill Hayward, kocha wa riadha wa chuo, akiwa hai na kazini. Hayward alifundisha kuanzia 1904 hadi 1947. Njia ya kukimbilia iliwekwa mwaka 1921 kuzunguka uwanja wa futiboli, ikiwa ya mabaki ya makaa ya mawe yaliyosagwa na kushindiliwa, na mwaka 1925 likajengwa jukwaa la mashariki, la mbao na lenye paa. Jukwaa hilo ndilo lililoupa uwanja sauti yake. Watu walipopiga miguu kwenye mbao, mkimbiaji aliyeingia mzunguko wa mwisho aliisikia kelele ikimfuata kutoka kona hadi kona. Lakini njia ya makaa ilikuwa na taabu zake, nazo ni muhimu kwa hadithi yote. Oregon ya magharibi hunyeshewa kuanzia vuli hadi majira ya kuchipua, na makaa yakiloa hugeuka tope. Yakikauka huwa vumbi, na njia ya ndani huchimbika kwa sababu kila mtu hukimbilia hapo. Kabla ya kila mashindano ilibidi kusawazisha, kumwagia maji, kushindilia na kuchora mistari upya kwa chokaa. Wenzetu wanaofanya mazoezi kwenye viwanja vya murramu wanaijua kazi hiyo.

Aliyemrithi Hayward ni Bill Bowerman, aliyefundisha kuanzia 1948 hadi 1972 na kutwaa ubingwa wa vyuo wa Marekani mara nne: 1962, 1964, 1965 na 1970. Anatajwa sana kwa viatu, maana mwanzoni mwa miaka ya 1970, chuo kilipokuwa tayari na njia ya tartani, yaani ya mpira, alitafuta soli inayoshika vizuri bila misumari, akamimina mpira wa maji katika chuma cha jikoni cha mkewe cha kuokea wafo, ule mkate bapa wenye vijisanduku. Hicho ndicho kisa kinachopendwa. Kikubwa zaidi alichokifanya ni kuufungua uwanja. Mwishoni mwa 1962 alisafiri New Zealand, akamkuta kocha Arthur Lydiard akiwakimbiza watu wazima wa kawaida taratibu kwa ajili ya afya. Aliporudi, mwanzoni mwa 1963 aliwaalika wakazi wa Eugene Hayward Field wajaribu. Walianza wachache, lakini baada ya majuma machache walikuwa wengi kiasi cha kumlazimu apange upya namna ya kuwahudumia. Pamoja na hayo, majira ya kiangazi kulikuwa na mashindano ya wazi ya jioni ambayo yeyote angeweza kushiriki: mtoto wa shule ya msingi, mama wa nyumbani, mzee mstaafu, na bingwa wa chuo anayejaribu mguu baada ya jeraha. Wote walitumia njia ileile, mstari uleule wa kuanzia na saa zilezile.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa kile kinachoitwa umati unaojua riadha. Mtu aliyewahi kukimbia mizunguko minne na kuona mzunguko wa tatu unavyomlemea haelezwi kwa nini mzunguko wa tatu wa mbio za maili ni wa hatari. Anajua kusoma saa, anajua kwamba sekunde 62 kwa mzunguko katika mita 5,000 ni kasi ya dakika 12 na sekunde 55, na anajua kwamba mtu wa sita anayekimbia kwa utulivu ndani ya kundi huenda ndiye mshindi. Umati wa namna hiyo hupiga kelele wakati unaofaa. Huanza kusimama mita 600 kabla ya mwisho, mahali ambapo mkimbiaji anahitaji msukumo, badala ya kungojea mita 100 za mwisho, ambapo matokeo yamekwisha kuamuliwa.

Kuna tukio moja la mwaka 1967 ambalo wachambuzi wengi hulipita haraka, nalo kwa maoni yangu ndilo lililouumba uwanja huu kuliko fedha yoyote: futiboli ilihama. Chuo kilijenga Autzen, uwanja mkubwa ng'ambo ya mto Willamette, na Hayward Field ikabaki ya riadha. Yeyote aliyewahi kusimamia uwanja wa pamoja anaelewa maana yake. Kwenye uwanja wa pamoja riadha ni mpangaji. Tarehe zake hubadilishwa mchezo wa mpira ukisogezwa, magari ya jukwaa la tamasha hupita juu ya tartani, na warusha nyundo, kisahani na mkuki hufukuzwa kwa sababu wanatoboa nyasi. Ukingo wa alumini unaozunguka njia ya ndani hung'olewa ili wachezaji na machela yapite, kisha vipande vyake hupotea stoo. Hili la ukingo si dogo. Njia sanifu ina kona mbili zenye nusu kipenyo cha mita 36.50 na minyooko miwili ya mita 84.39. Mzunguko hupimwa sentimita 30 nje ya ukingo, na hapo ndipo zinapopatikana mita 400 kamili. Ukingo ukiondolewa na kubaki mstari tu, kipimo cha sheria huwa sentimita 20 kutoka kwenye mstari, na mzunguko huohuo unakuwa mita 399.37. Kwa mizunguko 25 ya mita 10,000, mkimbiaji amepunjiwa karibu mita 16 bila yeye kujua, na rekodi yake haitakubaliwa hata angekimbia vipi. Uwanja ambao riadha ni mwenye nyumba haufanyi makosa hayo, kwa sababu kuna mtu ambaye kazi yake ni kuyazuia.

Baada ya hapo alikuja Steve Prefontaine, kijana wa Coos Bay aliyekimbia kana kwamba mbio zilikuwa deni kwa watu waliokaa pale. Julai 9, 1972, katika mchujo wa Olimpiki wa Marekani uliofanyika Hayward Field, alishinda mita 5,000 kwa 13:22.8, rekodi ya Marekani wakati huo. Lakini kwa hoja yangu, siku muhimu zaidi ni Juni 20, 1973. Jukwaa la magharibi lilikuwa limechakaa, nayo fedha hazikuwepo. Kocha na chama cha riadha cha mji waliandaa mashindano makusudi ili kuchangia ujenzi, na Prefontaine akakubali kukimbia maili, mbio ambayo haikuwa yake, dhidi ya Dave Wottle, bingwa wa Olimpiki wa mita 800. Wottle alishinda kwa 3:53.3, Prefontaine akawa wa pili kwa 3:54.6. Watu walilipa kiingilio wakijua kwamba wanalipia mbao na misumari. Jukwaa likajengwa upya katikati ya miaka ya 1970. Mei 29, 1975, Prefontaine alishinda mita 5,000 uwanjani hapo, na usiku huohuo, muda mfupi baada ya saa sita, alifariki katika ajali ya gari akiwa na miaka 24. Mashindano yaliyokuwa yamepangwa Juni 7 kwa jina la Bowerman yalipewa jina lake. Ndiyo hayo Prefontaine Classic, ambayo mwaka 2025 yalikuwa yakifanyika kwa mara ya 50, siku Chebet na Kipyegon walipoiandika historia.

Watu wetu wamekuwa sehemu ya desturi hii kwa muda mrefu kuliko inavyosemwa. Henry Rono, Mnandi aliyesoma Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, alivunja rekodi nne za dunia kati ya Aprili na Juni 1978. Katikati ya msimu huo alikuja Hayward Field kwenye ubingwa wa vyuo na kushinda mbio za kuruka viunzi na maji kwa 8:12.39, akiwa amevaa jezi ya chuo pinzani, na umati ukamshangilia kama mtoto wa nyumbani. Mtanzania Suleiman Nyambui alipita njia hiyohiyo ya vyuo vya Marekani, akiwa Texas kule El Paso, na kurudi na fedha ya Olimpiki ya mita 5,000 mwaka 1980. Juni 3, 2011, Moses Mosop aliingia Hayward Field kukimbia mita 30,000, yaani mizunguko 75, na kumaliza kwa saa 1:26:47.4, akiwa njiani amevunja pia rekodi ya dunia ya mita 25,000. Kuna viwanja vingapi duniani ambamo watu hukaa kutazama mizunguko 75 bila kuondoka? Kisha akaja Edward Cheserek, mzaliwa wa Kenya aliyemaliza sekondari Newark, New Jersey, akajiunga na Oregon mwaka 2013 na kuondoka na mataji 17 ya vyuo, idadi ambayo hakuna mwanamume mwingine wa daraja la kwanza la vyuo hivyo aliyeifikia. Mchujo wa Kenya wa 2024 nao haukuwa wa kwanza kufanyika pale. Juni 1, 2012, timu ya wanaume ya mita 10,000 ya Olimpiki ya London ilichaguliwa kwenye njia ileile, Wilson Kiprop akishinda kwa 27:01.98.

Sasa tuje kwenye jengo. Mwaka 2018 chuo kilitangaza kwamba Hayward Field itabomolewa na kujengwa upya, mfadhili mkuu akiwa Phil Knight, mwanafunzi wa zamani wa Bowerman na mwanzilishi mwenza wa Nike, pamoja na mkewe Penny. Gharama iliripotiwa kuwa takribani dola milioni 270. Kiangazi cha mwaka huo jukwaa la mashariki la 1925 lilianguka mbele ya matingatinga. Kilichoinuka ni bakuli lenye viti 12,650 vya kudumu, njia tisa, paa la plastiki angavu lililobebwa na matao ya mbao, na mnara wa ghorofa kumi wenye picha za watu wa uwanja huo, Bowerman na Prefontaine wakiwemo. Wapo waliopinga kwa nguvu. Walisema jukwaa la mbao lingeweza kukarabatiwa, kwamba kumbukumbu ya watu haihamishiki kwenye picha iliyobandikwa mnarani, na kwamba uwanja uliojengwa kwa viingilio vya watu wa mji umegeuzwa zawadi ya mtu mmoja. Waliotetea walisema mbao zile zilikuwa zimefika mwisho, kwamba mtazamaji wa kona alikuwa haoni mstari wa kumalizia, kwamba vyumba vya wanariadha vilikuwa duni, na zaidi ya yote, kwamba Eugene ilikuwa imepewa mashindano ya dunia na isingeweza kuyaandaa katika uwanja wa zamani.

Hoja za watetezi ni za kweli, hasa ile ya mashindano ya dunia. Aprili 2015 shirikisho la kimataifa liliipa Eugene mashindano ya 2021, ambayo yalisogezwa hadi Julai 2022 kwa sababu ya korona, na uamuzi huo ulifanywa bila kinyang'anyiro cha kawaida cha miji kushindana. Mji wa watu wapatao 175,000, wenye hoteli chache, ulilazimika kukua ghafla ili utoshe. Hata hivyo naungana na waliolilia jukwaa la mashariki. Lingeweza kuimarishwa kwa vyuma na kubaki upande mmoja huku pande nyingine zikijengwa upya, na hasara ya viti vichache ingekuwa ndogo kuliko ile iliyopatikana. Msimu wa kwanza kulikuwa na malalamiko kwamba sauti haikuwa ileile. Zege na plastiki hazipigi ngoma. Kilichouokoa uwanja mpya ni kwamba watu waliokaa ndani yake walikuwa walewale, pamoja na watoto wao.

Hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu ndiyo inayosikika zaidi kwetu: kwamba uwanja mpya ndio unaozaa rekodi. Wenye hoja hii wanaonyesha rekodi tatu za dunia za mashindano ya 2022: Tobi Amusan, sekunde 12.12 katika viunzi vya mita 100; Sydney McLaughlin, 50.68 katika viunzi vya mita 400; na Armand Duplantis, mita 6.21 kwa upondo. Wanaongeza Gudaf Tsegay wa Ethiopia, 14:00.21 za mita 5,000 mwezi Septemba 2023, kisha Chebet na Kipyegon. Orodha inavutia, lakini inasahau kilichotokea kabla. Rekodi za Mosop zilipatikana kwenye uwanja wa zamani. Mwaka mmoja baadaye, Juni 2012, Ashton Eaton alifikisha pointi 9,039 za michezo kumi na kuvunja rekodi ya dunia, jukwaa la 1925 likiwa limesimama na siku ya kwanza ikinyesha mvua. Na katika mchujo wa Marekani wa Juni 2021, kwenye uwanja huu mpya na wa gharama, joto lilifika karibu nyuzi 42 za Selsiasi na mashindano ya siku ya mwisho yakasimamishwa hadi usiku. Bakuli linalozuia upepo huzuia pia hewa baridi.

Tartani yenyewe haina muujiza. Sheria za kimataifa huweka mipaka ya ulaini wake: isipunguze kishindo cha mguu chini ya asilimia 35 wala zaidi ya asilimia 50. Njia ngumu huvunja miguu, njia laini mno hula nguvu, na katikati ya mipaka hiyo tofauti kati ya uwanja mmoja wa daraja la juu na mwingine ni ndogo. Kinacholeta tofauti kubwa ni namna njia ilivyowekwa na inavyotunzwa. Chini kabisa ni udongo ulioshindiliwa, juu yake kokoto, kisha lami, halafu ndipo tabaka la mpira lenye unene wa takribani milimita 13. Mkandarasi mwenye haraka humwaga mpira juu ya lami mbichi ambayo haijatoa mafuta yake, na baada ya msimu mmoja mapovu hutokea na tabaka hubanduka kama ngozi iliyoungua. Mteremko wa kuelekea ndani ukizidi asilimia moja, mguu wa kushoto wa mkimbiaji hulipia. Ukikosekana kabisa, maji husimama kwenye kona. Njia ya kwanza huchakaa miaka kadhaa kabla ya nyingine kama hakuna anayewalazimisha watu wa mazoezi ya taratibu kukimbilia njia za nje. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mnara wa ghorofa kumi.

Wale wanaosema ni fedheha kuchagua timu Oregon nawaelewa, lakini hesabu hazisomi hivyo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Eldoret zaidi ya 2,000, Iten takribani 2,400. Kanieneo ya hewa Nairobi iko karibu asilimia 18 chini ya ile ya pwani, na kila pumzi huleta oksijeni pungufu kwa kiasi hicho. Mwanariadha wa mbio fupi hufaidika, kwa kuwa hewa nyepesi haimzuii: Ferdinand Omanyala alikimbia 9.77 Kasarani mwaka 2021. Wa mita 10,000 hupoteza. Muda wa kufuzu Paris ulikuwa dakika 27:00 kwa wanaume na 30:40 kwa wanawake, na kuutafuta muda huo nyanda za juu ni kumtwisha mtu mzigo kisha kumlaumu kwa kuchelewa. Pwani yetu iko chini lakini ni moto na unyevu, na mita 10,000 hupenda ubaridi wa nyuzi 10 hadi 15. Eugene iko mita 130 tu, na jioni zake za Mei huwa baridi. Shirikisho la Riadha Kenya lilifanya uamuzi wa kiufundi, na ulikuwa sahihi. Swali la haki ambalo lingepaswa kuulizwa ni kwa nini vijana wa Iten hawakupata nafasi ya kuziona mbio hizo kwa macho, na kama kuna mashindano mengine mazuri ya kuwalisha hamu hiyo nyumbani.

Hoja yenye uzito kweli dhidi yangu ni ya fedha. Mtu anaweza kusema: desturi ni maneno matamu, lakini wawekaji kasi hulipwa, taa za kasi zinazowaka ukingoni hununuliwa, na Nike iko jirani. Sikatai. Bila fedha hiyo Prefontaine Classic isingekuwa kituo cha Diamond League, mfululizo wa mashindano makubwa ya riadha ya kila mwaka, tangu 2010. Lakini fedha imeingia mahali palipokuwa tayari na mwendo wake, na hilo linaonekana mwaka 2019, mashindano yalipohamishiwa Stanford, California, wakati wa ujenzi. Fedha ilikuwa ileile na nyota walewale, ila yalikuwa mashindano mazuri ya kawaida. Tena utegemezi huo ndio udhaifu mkubwa wa Hayward Field ya leo. Uwanja uliojengwa kwa viingilio vya mwaka 1973 ulikuwa na wamiliki elfu kadhaa. Huu wa sasa unategemea moyo wa familia moja na hali ya michezo ya vyuo, ambayo nayo imebadilika: tangu Julai 2025, baada ya mahakama kuidhinisha makubaliano ya mwezi mmoja kabla, vyuo vikubwa vya Marekani vinaweza kuwalipa wanariadha wake moja kwa moja, ukomo wa mwaka wa kwanza ukiwa dola milioni 20.5, na sehemu kubwa inakwenda kwenye futiboli na mpira wa kikapu. Vyuo vilivyoingia katika mpango huo vimewekewa ukomo wa wanariadha 45 kwa kila jinsia katika riadha. Nafasi za ufadhili ambazo vizazi vya vijana wa Bonde la Ufa wamezipitia zitakuwa finyu zaidi, na makocha watakaobaki nazo watatafuta mtu aliye tayari kufunga pointi mwaka wa kwanza, si kijana wa kulelewa.

Ndiyo maana nasisitiza tusome somo lililo sahihi kabla hatujaanza kuchora ramani. Kenya, Uganda na Tanzania zinajenga kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na Nairobi inapata Talanta, uwanja wa watu 60,000 wa kandanda pekee. Wapenzi wengi wa riadha wamelalamika kwamba hauna njia ya kukimbilia. Mimi naliona hilo kuwa jambo jema. Ni nafasi ileile iliyotokea Eugene mwaka 1967: mpira unapata nyumba yake, na Nyayo na Kasarani zinaweza kubaki mikononi mwa riadha kama kuna mtu atakayedai. Umati upo. Julai 2017, siku ya mwisho ya mashindano ya dunia ya vijana chini ya miaka 18, Kasarani ilijaa pomoni. Ila umati wa siku moja kwa miaka kadhaa haujifunzi kusoma saa, na watu 4,000 waliotawanyika kwenye viti 60,000 hawamsukumi mtu. Huohuo umati wa 4,000 katika uwanja mdogo wa chuo Eldoret ungetosha kutikisa kuta.

Kwa hiyo, kabla ya zege, uwanja wa namna hiyo unahitaji kalenda. Jioni moja ileile kila juma la pili la likizo za shule, mashindano ya wazi kuanzia watoto wa darasa la tatu hadi wazee, kiingilio kidogo, saa ya umeme, na matokeo kubandikwa usiku huohuo. Bingwa mmoja wa kambi za Iten au Kaptagat akimbie kila jioni hiyo, hata kama ni kuongoza kundi la watoto mzunguko mmoja. Unahitaji mtunza uwanja anayelipwa na idara ya riadha, si na msimamizi wa majengo, naye akae na orodha ya vipande vyote vya ukingo wa alumini vikiwa vimepigwa namba. Unahitaji bomba la maji safi la kuosha vumbi la murramu kwenye tartani kabla halijasaga mpira. Hata njia ya murramu iliyopimwa sawasawa inatosha kuanzia. Oregon ilikimbilia makaa kwa karibu miaka 50 na kutwaa mataji matatu juu yake. Kamariny, pale Iten, ilifungwa mwaka 2017 kwa ukarabati uliokwama kwa miaka mingi, na wakati huo wote vijana wa mji mashuhuri kuliko yote kwa mbio walikosa uwanja wao wa umma. Murramu yake ya zamani, ikiwa wazi kila asubuhi, ilikuwa na thamani kubwa kuliko tartani iliyo kwenye mchoro, na kila mkataba mpya wa ukarabati ungepaswa kuandikwa hivyo: kazi ifanyike kwa awamu, na katika kila awamu kuwe na njia ya mita 400 iliyo wazi kwa wakimbiaji.